Wadudu wa Alama Kumi na Tano

Watu wengi wakitaka kujua kama mto ni mzima huyatazama maji, na hapo ndipo wanapopigwa chenga. Maji ni mwongo wa kuzaliwa. Asubuhi utayakuta yanang'aa, yametulia, kumbe jana yake yamebeba mambo ambayo mtu mzima hawezi kuyataja mezani. Bi Wadudu aliacha kuyaamini maji miaka ishirini na nane iliyopita, mwaka ule alioajiriwa katika ofisi ya maji. Tangu hapo aliwaamini wapangaji tu, yaani wadudu, minyoo na konokono wanaoishi humo ndani, kwa sababu wao hula na kulala humo na hawana haja ya kumpamba mwenye nyumba.

Jina lake la kwenye kitambulisho lilikuwa refu na la heshima, ila hakuna aliyelitumia isipokuwa karani wa ofisi, naye alikuwa akilikosea. Mtaa mzima ulimwita Bi Wadudu. Alikuwa na miaka hamsini na saba, magoti mawili yenye kelele, na buti za mpira zinazofika mapajani. Buti hizo alipopewa mara ya kwanza zote zilikuwa za mguu wa kulia, na ilibidi azozane na mtunza stoo wiki tatu ndipo apate ya kushoto.

Kazi yake ukiisimulia haraka inasikika kama ya mtu aliyechanganyikiwa. Huingia mtoni, huusimamisha wavu wake upande maji yanakoelekea, kisha huyakanyaga na kuyapiga mateke mawe kwa dakika mbili kamili, saa mkononi, kama anayegombana nayo. Kila aliyejificha chini ya jiwe hung'oka na kusombwa na maji mpaka wavuni. Hapo Bi Wadudu hutoka, hukaa kwenye kigoda chake cha plastiki, humwaga vilivyomo kwenye trei nyeupe yenye maji ya mto uleule, na kuanza kuwatambua mmoja mmoja kwa kibano na kioo cha kukuzia. Kijitabu chake chenye jalada la bluu kinampa kila aina ya kiumbe alama, kuanzia moja hadi kumi na tano. Unajumlisha alama, unagawanya kwa idadi ya aina ulizopata, unapata wastani. Ukipata saba, mto unapumua. Ukipata tano, mto unajikongoja. Chini ya hapo, poleni wote.

Na alama hizo hazitolewi kwa uzuri wala kwa bidii. Zinatolewa kwa kununa. Kiumbe anayenuna upesi, ambaye maji yakichafuka kidogo tu anasusa na kufa, huyo ndiye mwenye alama kumi na tano, kwa sababu ukimwona ujue hakuna aliyemuudhi. Asiyejali chochote, anayeweza kuishi kwenye mtaro wa choo na kunenepa, ana moja. Bi Wadudu aliona huu ni mpango wa haki kabisa, tena alishangaa kwa nini unatumika kwa wadudu peke yao.

Yeye mwenyewe aliutumia kwa watu, kimoyomoyo. Mkuu wa kituo, kijana mwenye shahada mbili na viatu vya ngozi ambavyo havijawahi kuonja tope, alimpa mbili, sawa na viluwiluwi wekundu wanaostawi popote penye cha kula. Aliyekuwa mumewe alimpa moja bila kufikiri, sawa na funza yule mwenye mkia mrefu anayezama kwenye uchafu na kuuacha mkia juu upumue kwa niaba yake. Mdogo wake wa kiume, ambaye watu walimwita Dobi kwa sababu ya kazi yake, alipata tatu za konokono. Alikuwa na miaka hamsini na hajawahi kuhama uani kwa mama yake.

Mama yao peke yake hakumpa alama. Kuna mambo ambayo mtu mwenye akili timamu hayafanyi, hata kimoyomoyo.

Kila Jumapili Bi Wadudu alikula chakula cha mchana huko uani, na kila Jumapili alisema juu ya wadudu. Alijua anawachosha. Alieleza jinsi mdudu wa mawe anavyojulikana kwa mikia yake miwili, jinsi yule bapa mwenye mikia mitatu anavyojibandika kwenye jiwe hata umkwangue, jinsi mjenzi anavyojitengenezea nyumba ya punje za mchanga na kutembea nayo. Dobi aliongeza sauti ya redio. Mpwa wao, binti wa marehemu dada yao, alitazama simu. Mama, ambaye alikuwa amekula chumvi nyingi na hakuwa na meno ya kutosha kushindana naye, alichambua mchele wake kwenye ungo bila kuinua uso. Miaka ishirini na nane Bi Wadudu alihutubia ukuta, na alikuwa ameshazoea.

Sasa Dobi alikuwa na kiwanda kidogo cha kufua, nyuma tu ya nyumba ya mama. Mashine nne kubwa zilifua mashuka ya hospitali mbili na nyumba za wageni kadhaa. Watu kumi na mmoja walifanya kazi humo, mpwa akiwa mmojawapo, na paa la mama, dawa za presha za mama na maneno mengi ya mama vilitegemea mashine hizo. Chini ya ukuta wa nyuma lilitokeza bomba, na bomba lilimwaga povu, dawa ya kung'arisha nguo na uvuguvugu wote kwenye kijito kilichopita hapo. Mwaka uliotangulia Dobi aliambiwa ajenge matangi mawili ya kutuliza maji hayo kabla hayajaingia kijitoni. Saruji alinunua. Akaimwaga mbele, pakawa mahali pazuri pa kuegesha gari lake la kusambazia mashuka.

Basi ukaja utaratibu mpya. Kibali cha kiwanda kingeongezwa tu kama wastani wa wadudu hapo chini ya bomba ungefika tano. Usipofika, mashine zingefungwa kwa lakiri mpaka matangi yajengwe, na watu kumi na mmoja wangerudi nyumbani kuangaliana. Siku ya kupima ilipangwa Jumatano.

Bi Wadudu alimwendea Mkuu mapema.

"Bosi, yule ni mdogo wangu, tumbo moja. Itafutie ile kazi mtu mwingine."

"Mwingine yupi, Bi? Mimi nikitazama ile trei naona supu."

"Basi jifunze."

"Nina kikao," alisema Mkuu, na kweli alikuwa nacho, maana hakukosa vikao.

Jumapili kabla ya siku hiyo, mezani, redio ilikuwa imezimwa. Jambo hilo peke yake lilitosha kumtia mtu wasiwasi. Dobi alisogeza sahani, akakohoa.

"Dada, Jumatano ukija, si unaweza kukanyaga kidogo tu? Yaani ukanyage kiungwana."

"Nitakanyaga dakika mbili, ninavyokanyaga kwa kila mtu."

"Mimi ndiye kila mtu?"

"Naandika kilichomo kwenye wavu. Sipunguzi, siongezi. Umelisikia hilo miaka mingapi?"

Mama aliinua uso kutoka kwenye ungo. "Kilichomo tu?"

"Kilichomo tu, Mama."

"Hata kikiwa nini?"

"Hata kikiwa kiatu."

Mama akarudi kwenye mchele wake, na Bi Wadudu, ambaye kwa kazi yake alipaswa kuwa mwepesi wa kuona vitu vidogo, hakuona kitu.

Jumatano asubuhi mashine zote zilikuwa kimya. Dobi alisimama ukingoni amevaa shati lililopigwa pasi mpaka likakaribia kusimama lenyewe. Mkuu alikuja na kipimo chake cha umeme, akakitumbukiza majini kwa mkono ulionyooshwa ili viatu vibaki mbali, akasoma namba, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Kipimo kinasema yako sawa."

"Kipimo hicho kinajua uchachu tu," alisema Bi Wadudu akivuta buti. "Kingekuwa na pua kingekimbia."

Aliingia. Kijito hapo kilikuwa kimelala, maji hayafiki magotini, yana uvuguvugu usio na sababu na utelezi wa sabuni kwenye kila jiwe. Akakanyaga dakika mbili. Hakukanyaga kiungwana. Akatoka, akakaa kwenye kigoda, akamwaga wavu kwenye trei, akaanza kutaja kwa sauti huku Mkuu akiandika kwenye karatasi ya rasimu.

"Minyoo, moja. Funza wa mkia, moja. Viluwiluwi wekundu, mbili."

Alipotaja viluwiluwi alimtazama Mkuu kidogo, kwa mazoea.

"Ruba, tatu. Konokono, tatu."

Aina tano, alama kumi. Wastani wa mbili. Alikuwa amelijua jibu hilo tangu alipotoka nyumbani, lakini kulijua na kuliona ni mambo mawili, na moyo ulimwuma. Alifikiria paa la mama. Akageuza jani lililooza kwa kibano ili awe na kitu cha kufanya, na chini ya jani hilo alikuwa amekaa mdudu wa mawe.

Si mfano wake wala binamu yake. Mdudu wa mawe mwenyewe, mwenye mikia miwili na kucha zake, alama kumi na tano, kiumbe ambaye akisikia tu neno sabuni hufa. Bi Wadudu alimpa Mkuu kioo amshikie, akapangusa macho, akatazama tena. Walikuwa watatu. Pembeni yao bapa wawili wenye mikia mitatu, alama kumi na tatu. Kwenye kona ya trei, wajenzi wawili ndani ya vinyumba vyao vya mchanga, alama kumi na mbili.

"Vipi, Bi?" aliuliza Mkuu.

"Dada, naona wale wakubwa wamo," alisema Dobi, na sauti ilimtoka nyembamba.

Bi Wadudu alipiga hesabu kichwani, maana kichwa hakikumwomba ruhusa. Alama hamsini kwa aina nane. Sita na robo. Kibali kimepita, mashine zinawashwa, mpwa anarudi kazini, mama anakula dawa zake kwa wakati. Na tusimsingizie utakatifu: alifurahi. Kwa muda wa kuvuta pumzi tatu au nne alifurahi kuliko alivyofurahi siku ya harusi yake, ingawa kwa harusi ile hilo halikuwa jambo gumu.

Kisha akaona kitu cha kijani kimenata kwenye mguu wa bapa mmoja. Alikivuta kwa kibano. Kilikuwa kipande cha yale majani laini yanayootea juu ya mawe kule milimani, penye maji ya baridi. Hapo penye sabuni hayajaota tangu mashine ya kwanza isimikwe.

"Nani kawaleta hawa?" aliuliza.

"Mimi," alisema Dobi haraka mno.

"Wewe."

"Mimi, Dada. Peke yangu. Akili yangu mwenyewe."

Bi Wadudu akamsogezea trei. "Huyu nani?"

Dobi aliinama akamtazama mjenzi kwa makini. "Huyu... ni kijiti."

Kijiti kikatoa kichwa na miguu sita, kikatembea. Dobi akarudi nyuma hatua moja.

Hapo Bi Wadudu akaelewa, na ilimwingia mwilini kama maji yaliyopita juu ya buti. Wadudu hawa hawakuchotwa kwenye ndoo na mtu wa kubahatisha. Ukiwatia kwenye ndoo maji hupata joto na wanakufa njiani. Hawa walifungwa kwenye kitambaa kibichi pamoja na majani yale ya mawe, na hata idadi ilikuwa ya adabu, watatu, wawili, wawili, isiyotia shaka. Anayejua kubeba hivyo alifundishwa. Na katika maisha yake yote Bi Wadudu alikuwa amelieleza jambo la kitambaa kibichi mara moja tu, Jumapili moja, redio ikipiga kelele, kwa mtu aliyekuwa akichambua mchele.

"Wamo kwenye wavu," alisema Mkuu akitazama saa. "Si ndiyo sheria yako, Bi? Kilichomo kwenye wavu. Jumlisha tuondoke, nina kikao."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake. Alikuwa amewatolea watu wakubwa sheria hiyo usoni, mameneja, wenyeviti, mtu mmoja mwenye walinzi wawili. Akiwatupa wadudu hawa, amepunguza. Akiwaandika, amemwongezea mdogo wake mto usiokuwepo. Maji yalikuwa yamemfika shingoni, na kijito chenyewe hakikufika magotini.

Akafungua kijitabu cha bluu, ukurasa wa tatu, akasoma kwa sauti mstari aliokuwa akiujua kwa moyo. "Kiumbe aliyekufa hahesabiwi."

"Hawajafa," alisema Dobi.

"Hawajafa. Tusubiri."

"Mpaka lini?"

"Kitabu hakisemi," alisema Bi Wadudu, akaiweka trei juu ya jiwe, ina maji yaleyale ya kijito kile, akakunja mikono.

Dakika za kwanza zilikuwa za mzaha. Wadudu wa mawe walipanga miguu, wakaanza kujiinua na kujishusha, kujiinua na kujishusha, kama askari waliopewa adhabu. Dobi akacheka. Akachuchumaa, akaanza kuhesabu. "Wanapiga pushapu, Dada. Kumi na tatu. Kumi na nne. Huyu ana kifua." Hata Mkuu alisogea kutazama, na kwa mara ya kwanza kiatu chake kimoja kiligusa tope.

Ilipofika sitini Dobi aliacha kuhesabu.

"Kwa nini hawapumziki?"

"Wanatafuta hewa. Wakijisukuma hivyo wanayapitisha maji kwenye matamvua, wapate chochote kilichomo."

"Maji si yapo?"

"Maji yapo. Hewa ndiyo hakuna."

"Kwenye maji yangu?"

Mdudu wa mawe wa kwanza alijiinua nusu, akabaki hivyo, kisha akalala ubavu. Wa pili hakukawia. Mabapa waliachia chini ya trei waliyokuwa wamejibandika, wao ambao jiwe hawaliachii hata ukikwangua, wakaelea. Wa tatu wa mawe, aliyekuwa na kifua, alipiga pushapu mpaka mwisho, polepole, zikiachana sana, na Dobi, mwanamume mzito aliyezika baba yake bila chozi, alisema kwa sauti ya chini, "Basi, kaka, basi." Mjenzi mmoja alikufa ndani ya nyumba yake na hakuna aliyejua saa. Mwingine alibaki anatambaa pembezoni mwa trei na mchanga wake mgongoni.

Ilikuwa imepita dakika arobaini na tano, na kikao cha Mkuu kilikuwa kimekwisha bila yeye.

"Andika," alisema Bi Wadudu. "Mjenzi, mmoja, hai. Kumi na mbili. Jumla ishirini na mbili, aina sita. Tatu nukta saba."

Mkuu aliandika. Dobi alikuwa anatazama bomba lake kana kwamba limechomoza chini ya ukuta asubuhi ile.

"Huyu aliyebaki," alisema mwishowe, "atafanywaje?"

"Akikaa hapa ana saa moja."

Dobi alivua shati lake la pasi, akalilowesha kwa maji ya kunywa ya chupa ya Mkuu bila kuomba. "Nipe nimrudishe. Alitoka wapi?"

"Muulize aliyekutuma."

Dobi alitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Kisha akampokea mjenzi na kipande cha jani, akamfungia kwenye mkono wa shati, akapanda gari la mashuka akiwa na fulana ya ndani, kando ya dereva aliyejua njia ya mlimani, na gari likaondoka taratibu sana, kuliko hata linavyoondoka likiwa na mashuka ya hospitali.

Bi Wadudu alichukua fomu yenyewe, ile ya mihuri, akanakili namba kwa kalamu. Chini kabisa palikuwa na sehemu iliyoandikwa Maoni. Miaka ishirini na nane alikuwa akiweka kistari hapo. Leo aliandika: "Wadudu saba wa maji safi waliletwa na mama wa mpimaji. Sita walikufa kwenye trei. Wa saba ameondolewa na mdogo wa mpimaji."

Mkuu alisoma mara mbili. "Bi, huwezi kuandika hivi kwenye fomu ya serikali."

"Sipunguzi, siongezi."

"Watakuuliza. Umebakiza miaka mitatu ustaafu."

"Waje waulize. Nitawapikia chai." Lakini aliufunga mfuko wa wavu mara tatu ndipo ukafungika.

Mama alikuwa chumbani kwake, amekaa kitandani, miguu ndani ya beseni la maji ya moto yenye chumvi. Vifundo vya miguu vilikuwa vimevimba. Dirishani chujio la chai lilikuwa linaanikwa juani, na kwenye waya wake kulikuwa na nyuzi mbili za kijani. Bi Wadudu alisimama mlangoni na buti zake, akaangalia chujio, akaangalia miguu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Usiniingizie tope."

"Ulipanda mlima na chujio la chai."

"Jana nilipelekwa na dereva wa gari la mashuka mpaka lami ilipoishia. Nilimwambia naenda kumwona mgonjwa." Mama alichezesha vidole ndani ya beseni. "Kijito cha kwanza hakuna kitu, kaa tu. Cha pili nikapata ruba, nikawaacha, tatu tatu za nini. Mpaka cha juu kabisa, juu ya mashamba. Nikakanyaga kidogo, nikakinga chujio. Mawe yenyewe baridi, uliniambia watakuwa penye mawe baridi."

"Nilikuambia lini?"

"Unaniambia kila Jumapili. Mdudu wa mawe kumi na tano, mikia miwili. Bapa kumi na tatu, mikia mitatu, usimvute, msukume kwa kidole kutoka nyuma. Mjenzi kumi na mbili. Kereng'ende mdogo nane, nikamwacha, anauma. Wasibebwe kwenye ndoo." Alisema hayo yote bila kupumzika, na hakukosea hata alama moja.

Bi Wadudu alijikuta amekaa sakafuni na buti zake na tope lake. Alikuwa amekuja na hasira ya kutosha wiki nzima, na sasa haikuonekana ilikoenda.

"Nilidhani hakuna anayesikiliza," alisema.

"Ningesema saa ngapi? Hunyamazi." Mama alivuta pumzi. "Wewe mwenyewe ulisema wadudu ndio mashahidi, maji hayasemi kweli. Basi nikaleta mashahidi, na asubuhi nikampa Dobi kitambaa akakifungulie chini ya bomba kabla hujafika. Miaka yote nakusikiliza, siku moja tu nilitaka hao wadudu wako watusaidie."

"Mama, nimeandika tatu nukta saba."

Nyuma ya ukuta, ambako siku nyingine mashine zingekuwa zinanguruma, ilisikika sauti ya mpwa akiulizana na wenzake kama waende nyumbani.

"Kwa hiyo umemfungia."

"Mpaka ajenge matangi. Wiki sita akijitahidi. Nitachimba naye Jumamosi na Jumapili."

"Na magoti hayo?"

"Na magoti haya."

Mama alitoa mguu mmoja kwenye beseni, akaukausha, akaurudisha kama aliyesahau alichokuwa akifanya. Macho yalikuwa yamelowa, na hakujisumbua kuyaficha. "Walikufa wote?"

"Alibaki mjenzi mmoja. Dobi kamrudisha mlimani. Kamfunga kwenye shati lake."

"Lile la pasi?"

"Lile la pasi."

Mama alilifikiria hilo. "Yule alikuwa mbishi tangu namtoa," alisema. "Zamani walikuwa hapa hapa nyuma, unajua? Nikifua nepi zako walikuwa wananitambaa miguuni. Nilikuwa nawatupa huko. Sikujua kama wana alama."

Akamkazia macho binti yake.

"Mimi umeniandika?"

"Nimekuandika. Hesabu ina sehemu yake na Maoni yana yake. Wewe uko kwenye Maoni."

"Kwenye karatasi ya serikali."

"Ndiyo, Mama."

"Na umenipa ngapi? Usinidanganye, najua unawapa watu. Unamwangalia mtu midomo inacheza. Mumeo ulimpa moja, nilikuona, na ilikuwa haki yake."

Bi Wadudu aliangalia vile vifundo vya miguu vilivyovimba kwa kupanda mlima, na uso ule uliosusa watu miaka sabini na tisa kwa makosa ambayo wengine hata hawakujua wameyafanya.

"Kumi na tano," alisema.

Mama alijua hasa maana ya alama hizo. Akanuna, akageukia ukutani, na hakusema neno mpaka Jumapili.